Koroga Upande Mmoja

Mukai alishika mwiko kwa mikono miwili akaanza kukoroga kuelekea kulia, na binti yake Mwelu akamimina ungarol ndani ya pipa. Ungarol ndiyo ile dawa nzito, nyeupe kama uji uliopoa, inayoipa sabuni ya maji povu lake. Asubuhi hiyo baridi ya Riruta ilikuwa imeigandisha, ikadondoka kwa mabonge, na kila bonge lilimlazimu Mukai kusukuma kwa bega zima.

"Lete nikupokee, mama."

"Utanipokea nikichoka."

"Si umechoka tayari."

Mukai akampa mwiko bila kubishana. "Upande mmoja," akasema.

"Najua."

"Ukigeuza itakataa."

"Najua, mama."

Hayo ya upande mmoja aliyapata Kabiria, kanisani, siku kikundi cha akina mama kilipoletewa mwalimu wa sabuni. Mwalimu yule, mama mmoja mnene aliyevaa glavu za njano, aliwaambia kwamba sabuni ina kiburi: ukianza kulia, malizia kulia. Ukigeuza mwiko katikati inakataa, inabaki maji, na hasara ni yako. Tangu siku hiyo hakuna mtu katika nyumba ya Mukai aliyegeuza mwiko. Hata Musili, aliyekuwa na digrii ya kemia, alikoroga kulia mwaka baada ya mwaka, kwenye pipa hili hili, akipiga mluzi.

Musili alikuwa kifungua mimba wake. Baridi ya mwaka jana ilimshika kifuani akadhani ni mafua, akaendelea kubeba jerikeni za sabuni kwenye mvua. Alipokubali kwenda hospitali, mapafu yalikuwa yameshazidiwa. Walimpeleka kumzika Mwingi, karibu na baba yake.

Sasa wiki iliyopita Mwelu naye alikuwa ameitwa chuo kikuu. Kusomea nini? Kemia. Mukai aliposikia neno hilo alikuwa akimenya viazi, na kisu kikasimama.

Bila mkopo Mwelu hangeweza kwenda, na mkopo ulitaka mdhamini. Mdhamini wa nyumba hiyo alikuwa mmoja tu, Mukai mwenyewe, kama alivyokuwa wakati wa Musili. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa usiku. Leo ilikuwa Alhamisi. Jumapili, wakitoka kanisani, Mukai alikuwa amemwambia mtoto kwamba hataweza. Hataweka jina lake tena kwenye kitu kama hicho. Mwelu alitazama barabarani kidogo, akasema, "Sawa, mama."

Hakulia. Hakununa. Hakurudia ombi. Alifika nyumbani akavua nguo za kanisani, akaosha vyombo. Mukai alikuwa amejiandaa kwa vilio na milango kupigwa, na majibu yote alikuwa nayo. Hiyo "sawa" ndiyo iliyomkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Maana hesabu yenyewe alikuwa ameifanya, tena si mara moja. Musili alisoma miaka minne kwa mkopo. Alipomaliza, alizunguka na vyeti vyake mpaka bahasha ikachanika pembeni. Akapata kazi kiwanda cha rangi, Industrial Area, ya kupima kama rangi ya leo inafanana na ya jana. Kwa mkataba wa miezi. Mshahara ulikuja umeshakatwa mkopo, na uliobaki ukagawanywa na kodi ya nyumba, nauli, na karo ya Mwelu. Kisha mkataba ukaisha na haukurudi. Deni halikuwa na mkataba, lenyewe likabaki. Ndipo akaja kushika mwiko wa mama yake. Watu walicheka kidogo, wale wanaocheka kwa pua. Digrii ya kukoroga sabuni. Mukai alitabasamu nao, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

"Hodi! Wenye sabuni mko?"

Alikuwa Wamucii, mwenye ploti waliyopanga na mwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya Naivasha Road. Alikuja na jerikeni tupu kila Alhamisi na hakuwahi kuja na mdomo mtupu.

"Karibu, Mama Jamleck."

"Hii yako ya juzi ilikuwa nyepesi, Mama Mwelu. Nimeosha choo cha wapangaji nikadhani nanyunyiza maji matakatifu."

"Ni wewe unaiongeza maji ndiyo uitumie wiki nzima."

"Ai! Mimi?" Wamucii akacheka, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Sawa, naongeza. Lakini kidogo."

Mama Mwelu. Kabla ya msiba alikuwa Mama Musili, miaka yote ile. Waliporudi kutoka Mwingi, ploti nzima ilibadilisha jina siku moja, kana kwamba kulikuwa na mkutano. Walifanya hivyo kwa huruma, ili wasimtoneshe. Mukai aliitika. Lakini kila alipoitwa hivyo alihisi kama mtu ameingia nyumbani akaondoa kiti kimoja.

"Na wewe kemia," Wamucii akamgeukia Mwelu, "umefikiria maneno yangu? Jumatatu nataka mtu dukani. Msichana anayejua kuhesabu na hatanipunja misumari."

"Asante, Mama Jamleck."

"Asante ndiyo nini, ndiyo au hapana?"

"Nitakuja."

Mukai akainua macho. Mwelu alikuwa ameinamia pipa, mwiko ukizunguka kulia, kulia, kulia.

"Ona mtoto mwenye akili," Wamucii akasema. "Hebu nikuulize, Mama Mwelu. Huyu aende miaka minne, atoke na deni la kununua kiwanja. Halafu? Jamleck wangu ana digrii na bado ananiomba pesa ya kunyoa nywele. Nimemwambia afuge ndevu, awe mhubiri."

Mukai akacheka kwa sababu ilichekesha. Wamucii hakuwa mtu mbaya. Wakati wa msiba ndiye aliyekodi viti, na kodi ya mwezi ule hakuiuliza. Aliyoyasema sasa yalikuwa yale yale ambayo Mukai alikuwa amejiambia mwenyewe tangu Jumapili. Ila yakisemwa na mtu mwingine yalisikika vibaya.

Mchana alibeba jerikeni mbili za mteja wake wa mtaa wa Jamhuri. Mteja huyo alikuwa Janice, aliyesoma darasa moja na Musili chuoni, na aliyenunua sabuni nyingi kuliko ambayo msichana mmoja anaweza kuitumia. Mukai alijua ni namna yake ya kutoa rambirambi. Alikaa chumba cha uani, nyuma ya nyumba kubwa yenye mti wa parachichi, na Alhamisi hiyo alikuwa nyumbani kwa sababu aliingia zamu ya jioni.

"Mama Musili," Janice akasema mlangoni, akampokea mzigo. Yeye hakuwa amebadilisha jina. "Ingia, chai iko."

Mukai alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema.

"Janice, nataka kukuuliza kitu cha aibu."

"Uliza."

"Ule mkopo wa shule. Wewe ulimaliza kulipa?"

Janice akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kumaliza! Mama, mimi na huo mkopo tumeoana. Kila mwezi unakula kabla sijanawa mikono."

"Lakini una kazi nzuri. Unapima mafuta ya kupikia."

"Nina kazi, nashukuru Mungu. Lakini miaka ya kwanza, wewe unajua dereva wa forklifti, ile ya kuinua mizigo pale kiwandani, alikuwa ananipita mshahara? Anaitwa Shem. Jamaa mzuri, hakumaliza hata sekondari. Sasa nimempita kidogo. Kidogo tu, na yeye hana deni, ana kiwanja Kitengela."

Mukai akatingisha kichwa. Ndiyo aliyoyajua. "Kwa hivyo kama ungerudi nyuma, hungefanya tena."

Janice alifikiri. Nje, mtoto wa nyumba kubwa alikuwa akipiga mpira ukutani.

"Niulize mwisho wa mwezi, nitakuambia afadhali ningesomea kusuka nywele. Niulize siku nyingine..." Akainua mabega. "Juzi nilikataa lori zima la mafuta. Yalikuwa yameharibika na yalikuwa yanakuja kwa watu kama wewe na mimi, yakaangiwe chapati. Bosi alinifokea, nikamwonyesha karatasi. Lori likarudi. Nililala vizuri siku hiyo. Sijui hiyo utaiweka upande gani wa hesabu, mama. Mimi bado sijajua."

Mukai alikuwa amekuja kutafuta ndiyo au hapana, na akapewa chai.

"Ni Mwelu, sivyo?" Janice akauliza. "Ameitwa."

"Ameitwa. Na nimemkatalia. Amesema sawa."

"Amesema sawa tu?"

"Kama vile nimemtuma chumvi."

Janice akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekumbuka kitu. "Huyo ni Musili mtupu. Unakumbuka ile habari ya kukoroga upande mmoja?"

"Ni lazima. Ukigeuza inakataa."

Janice akaona kwamba amepita mahali ambapo hakupaswa kupita, akatazama kikombe chake.

"Sema," Mukai akasema.

"Mama, pole. Nilidhani alikuambia." Janice akalainisha sauti. "Haikatai. Unaweza kukoroga kulia, kushoto, vyovyote, bora usiharakishe ikajaa mapovu. Siku moja nilikuja kwenu ukawa umetoka, nikamkuta anakoroga kulia kama saa. Nikamchokoza, nikamwambia wewe na digrii yako pia unaamini haya? Akaniambia, 'Sabuni haijui kulia wala kushoto. Lakini mama anajua.' Akaendelea kulia. Na ulikuwa hata hupo, umeenda sokoni."

Mukai alishukuru kwa chai. Alichukua jerikeni tupu. Mlangoni Janice alimshika mkono, na Mukai akaushika, kisha akaenda.

Alitembea na Ngong Road badala ya kupanda gari, jerikeni zikigongana magotini. Alikuwa ameishi akijua kwamba mtoto wake alisoma miaka minne kwa deni, akarudi kuamriwa na mama wa glavu za njano kama mtu mwingine yeyote. Hilo ndilo lililomfanya aone masomo yale yalikuwa bure. Kumbe Musili alikuwa anajua. Kila siku alijua, na kila siku alikaa kimya, akipiga mluzi, ili mama yake asione haya. Bega lilimuuma Musili pia, maana kulikuwa na siku alimwomba mama yake wapumzike, na mama akasema hapana, ukisimama utasahau upande.

Akamkumbuka Mwelu ameinamia pipa. Nitakuja, Mama Jamleck. Sawa, mama.

Ijumaa asubuhi alivaa nguo ya kanisani na kutoa kabatini bahasha aliyokuwa ameificha chini ya mashuka. Ndani yake kulikuwa na cheti cha kifo cha Musili. Watu wa mkopo walikuwa wamekiomba zamani. Walimpigia akiwa mdhamini, na alipowaambia mwenye mkopo amefariki, binti wa upande wa pili alimpa pole ambayo ilikuwa pole ya kweli, akamwomba alete cheti ofisini, mjini. Mukai alisema ataleta. Hakupeleka.

Si kwamba alisahau. Siku ya mazishi, mjomba Nthiwa alisimama kando ya jeneza akasema yale ambayo lazima yasemwe: kama yuko mtu anayemdai marehemu, asiende kunong'ona njiani, aje kwa familia. Mtu mmoja alikohoa. Na ndani ya mkoba wa Mukai, simu ya Musili ikatetemeka. Aliufungua ujumbe baadaye, gari likirudi Nairobi. Ulikuwa wa mkopo, kumkumbusha alipe, na ulianza kwa kumtaja jina lake kwa heshima kama mtu aliye hai. Tangu siku hiyo aliichaji simu ile. Dunia nzima ilikuwa imeacha kumwita Musili. Deni peke yake ndilo lililokuwa bado linamwita.

Ofisini alipanga foleni na vijana wa vyeti na bahasha. Aliyemhudumia alikuwa kijana mwenye tai, aliyekisoma cheti mara mbili na kuandika kitu kwenye kompyuta.

"Pole sana, mama. Tutakipeleka kwa wanaohusika. Kikishapitishwa, akaunti itafungwa."

"Zile meseji?"

"Hazitakuja tena. Hatutawasumbua."

"Hazikunisumbua," Mukai akasema.

Kijana alimtazama, hakuelewa, akampa tena pole. Nje, jua la saa nne lilikuwa limewaka juu ya majengo, na watu walipita na haraka zao za mjini. Mukai akateremka mitaa ya chini kununua ungarol, kwa sababu iliyokuwa nyumbani ilikuwa karibu kwisha na saluni ya Kabiria ilikuwa imeagiza.

Alifika nyumbani alasiri. Mwelu alikuwa ameshaanza pipa la saluni kwa dawa iliyobakia. Leso kichwani, mikono imejaa utelezi mpaka kwenye kiwiko. Kulia, kulia, kulia.

Mukai akaweka mzigo chini, akakaa kwenye ndoo aliyokalia Wamucii jana.

"Geuza," akasema.

"Nini?"

"Geuza mwiko. Koroga kushoto."

Mwelu akasimama. "Itakataa."

"Haitakataa. Sabuni haijui kulia wala kushoto."

Mtoto akamtazama mama yake, na uso wake ukaanza kuvunjika pembeni, upande wa mdomo. "Nani amekuambia?"

"Janice. Na wewe ulikuwa unajua."

"Musili alisema nisikuambie. Alisema ukijua utajisikia vibaya."

"Nyinyi mmekuwa mkinificha kama mgonjwa!"

"Si ulituambia ukigeuza hasara ni yetu!"

Wakacheka wote wawili, kicheko kilichokuja na machozi na ambacho hakikudumu. Mukai alijifuta kwa upande wa kanga.

"Duka la Wamucii. Unalitaka?"

"Ni kazi nzuri, mama."

"Sikuuliza kama ni nzuri. Na usiniambie sawa. Nimechoka na sawa. Nilikaa na mtoto mmoja wa sawa, na sijui hata nusu ya aliyokuwa anafikiria."

Mwelu aliangalia mwiko. "Silitaki."

"Na kemia?"

"Naitaka. Lakini deni naliogopa. Nimeona lilivyomfanya."

"Mimi pia nimeliona. Sitakuambia halipo. Utalipa mpaka uwe mama wa watu, na pengine dereva wa forklifti atakupita. Nimezunguka na hesabu hii tangu Jumapili, sijaona inapokubali." Akatafuta maneno, akayakosa yale makubwa. "Simu zikipigwa, nitazishika. Nimezoea."

Mwelu alipangusa mikono kwenye nguo yake, akachukua simu dirishani, ikateleza, karibu iingie ndani ya pipa.

"Polepole! Hiyo ikiingia utaomba mkopo na nini?" Mukai akasema. "Fungua pale pa mdhamini. Andika."

Akamtajia nambari ya kitambulisho chake, taratibu, tarakimu moja moja, kama alivyomtajia Musili mwaka ule, wakiwa wamekaa hapa hapa uani. Hakuhitaji kukitoa kitambulisho. Mwelu aliirudia kwa sauti ili kuhakikisha, na Mukai akasema ndiyo, ndiyo hiyo.

Halafu, kwa kuwa sabuni ya saluni haikuwa imekwisha na mtoto alikuwa na mikono kwenye simu, Mukai aliinuka akashika mwiko. Akaanza kukoroga kushoto. Sabuni ilizunguka, ikawa nzito kidogo kidogo, bila kiburi chochote. Lakini mikono yake haikuwa imezoea huko, na baada ya mizunguko michache bega likaanza kumuuma mahali papya.